Bastola Yangu ni Friji: Easofti ya Gesi Kwenye Baridi la Uingereza

Jumamosi moja ya Januari nilikuwa nimejibanza nyuma ya mwaloni uliopukutisha majani yote, matope mpaka kwenye vifundo, na mbele yangu kama mita 15 hivi kuna jamaa kanipa mgongo kabisa, yaani zawadi. Nikalenga, nikavuta traiga, na bastola yangu ikatoa sauti ya mzee anayekohoa kwa aibu katikati ya mahubiri. Pff. Slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, ikarudi nusu ikagoma hapohapo. Gololi ilitoka, sikatai, niliiona kwa macho yangu, ikaenda kama mita 6 ikaanguka kwenye majani makavu. Jamaa akasikia kile kikohozi, akageuka bila haraka yoyote, akanimiminia na bunduki yake ya betri. Nikainua mkono, nikapaza sauti "hiti!" kama inavyotakiwa, nikarudi kambini na aibu yangu.

Kwa ambao hawajui naongelea nini: easofti ni mchezo wa vita ya uongo na kweli, watu wazima tena wenye kazi zao na watoto wao wanavaa magwanda, wanaingia msituni wikiendi wanapigana gololi za plastiki za milimita 6. Ulianzia Japani miaka ya 1970. Hakuna rangi inayokuchafua kama pentiboli, kwa hiyo ukipigwa unatakiwa useme mwenyewe kwamba umepigwa, mchezo mzima umesimama juu ya uaminifu (hilo nalo lina vituko vyake, nitarudi). Bunduki ziko za namna tatu kwa haraka haraka: za springi ambazo unakoki kila risasi kwa mkono, za betri ambazo kuna mota na gia ndani, na za gesi. Za gesi ndio tamu kuliko zote, maana slaidi inarudi nyuma kweli, inapiga teke mkononi, inalia, magazini (kile kiboksi cha kuchomeka kinachobeba gololi na gesi yenyewe) ina uzito wa kiume. Mi nilipoishika ya kwanza nilijua hapa pesa yangu imeisha.

Naishi Sheffield, nafanya kazi ghalani zamu za usiku, na mwenzangu wa kazi ndiye aliyenivuta kwenye huu ugonjwa. Huku huwezi kuamka tu ukanunua bunduki ya easofti inayofanana na ya kweli. Sheria ya 2006 ilibana uuzaji wa silaha za kuigiza, kwa hiyo ama ununue iliyopakwa rangi ya kuwaka kama toi la mtoto, ama uwe mchezaji anayetambulika. Njia ya kawaida ni kuandikishwa UKARA, chama cha wauza easofti wa huku, na ili uandikishwe unacheza kwanza mechi 3 ndani ya kipindi kisichopungua siku 56 kwenye uwanja unaokubalika. Nikacheza na bunduki za kukodi za betri, nikavumilia, nikapata namba yangu, nikanunua bastola ya gesi mwezi wa kumi na moja. Angalia huo mwezi. Mwezi wa kumi na moja! Mtu anayeanza kilimo cha nyanya wakati wa barafu ana akili kuliko mimi.

Na kabla sijaendelea, jambo moja nje ya mada, maana najua kuna wadogo zangu wanasoma. Bastola inakaa ndani ya begi lililofungwa, begi linakaa ndani ya buti ya gari, inatoka ukifika uwanjani basi. Kutembea hadharani na silaha ya kuigiza bila sababu ya maana ni kosa kwenye sheria yao ya silaha, na wewe ni mtu mweusi mrefu umevaa gwanda, usiniulize zaidi. Binamu yangu wa Dar aliniandikia niwawekee moja kwenye sanduku nikija likizo. Nikamjibu kwa neno moja. Hajaniandikia tena mpaka leo, ila potelea mbali.

Sasa turudi Januari. Kilichoniuma zaidi siku ile ni kwamba asubuhi bastola ilikuwa nzima kabisa. Kila uwanja unapima kasi za bunduki kabla ya mchezo, kwa kile kifaa tunachokiita krono, unapiga gololi ya gramu 0.20 ndani yake inakupa futi kwa sekunde. Viwanja vingi vya huku kikomo ni 350. Yangu ilipimwa saa tatu na nusu ndani ya kibanda chenye hita, ikasoma 298, refa akaniwekea alama, nikatoka kifua mbele. Mchana, baada ya ile aibu, nikaenda kuomba nipimiwe tena. 214. Ukisikia 298 na 214 unaweza kuona sio mbaya sana, ila nguvu ya gololi haiendi na kasi, inaenda na kasi mara kasi, kwa hiyo ukipiga hesabu unatoka kama jouli 0.82 unaangukia 0.43 hivi. Nusu ya bastola yangu ilikuwa imebaki kule kibandani kwenye hita.

Mi nikajua gesi imeisha. Nikajaza. Ikapiga gololi 4, ikafa. Nikajaza tena, safari hii ikanitemea wingu jeupe kutoka kwenye valvu, baridi mpaka glavu ikaganda vidoleni, na magazini yote ikaota ukungu mweupe kama kuku aliyetolewa friza. Nikasema duka limeniuzia kopo bovu. Hili nililisema kwa sauti kubwa mbele ya watu na leo najutia, duka la watu halikuwa na kosa lolote.

Nyumbani nikaanza uganga. Nikapaka mafuta ya silikoni kwenye sili, ile mipira inayozuia gesi isivuje, kitu ambacho ni kizuri hata hivyo, tone moja kwenye valvu ya kujazia mara moja moja yanasaidia mpira usikauke. Binamu yuleyule alishawahi kushauri mafuta ya alizeti, sina la kusema. Usiweke alizeti, usiweke mafuta ya mashine ya kawaida, mengine yanakula mpira. Nikabadilisha oringi, vile vipete vya mpira. Nikaibomoa bastola yote mezani, mke wangu akapita akaangalia akasema "ukimaliza hiyo na blenda yangu nayo haizunguki." Nikairudisha, Jumamosi nyingine nikaenda, digrii 3, pff.

Halafu nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu wa gesi amelifanya. Nikanunua gesi kali zaidi.

Ngoja nielezee hapa kidogo maana ndio penye utamu. Ile gesi ya kawaida ya easofti, wanayoiita gesi ya kijani, ukitoa jina na kopo lake la kupendeza ni propani na mafuta kidogo ya silikoni, wametoa tu ile harufu mbaya wanayowekea gesi ya kupikia. Propani ndani ya kopo imekaa kama maji, na juu yake kuna mvuke unaosukuma. Huo mvuke ndio unaopiga gololi na kurudisha slaidi. Na mvuke unasukuma kwa nguvu gani, hilo halitegemei umejaza kiasi gani. Hapa ndipo nilipokuwa nimepotea miezi. Magazini iwe imejaa au imebaki robo, madhali kuna tone la maji ya gesi ndani presha ni ileile, inaamuliwa na joto peke yake. Kwenye digrii 20 propani inasukuma kama bar 7 na nusu juu ya hewa ya kawaida, tairi la gari dogo ni kama 2 na ushee ili ulinganishe. Ishushe mpaka digrii sifuri, unabaki na 3 na nusu au zaidi kidogo. Nusu imekwenda na hujapiga hata gololi moja, umetoka tu nje.

Wajapani ndio wana hali ngumu zaidi, maana wao bastola zao nyingi zinatumia gesi ya 134a, ileile fundi friji wa mtaani kwenu anayokwambia "gesi imeisha, leta hela", ileile iliyokuwa kwenye AC za magari mengi. Hiyo kwenye digrii 20 ina kama bar 4 na nusu tu, kwenye sifuri hata 2 haifiki. Sheria ya kwao inabana nguvu ya bunduki isizidi jouli 0.98, kwa hiyo kampuni kama Tokyo Marui zinatengeneza bastola laini, slaidi ya plastiki, springi nyepesi, ili ile gesi yao ya upole iweze kuzisukuma. Ukiichukua bastola ya namna hiyo ukaipa gesi kali ya kiangazi cha Ulaya unamvalisha mtoto viatu vya baba yake. Na kinyume chake, baridi ikija, bastola yenye slaidi nyepesi inaendelea kupiga wakati lile dude la chuma zito la mwenzako limeshalala, hii nimeiona sio mara moja.

Basi gesi kali. Kweli ilisaidia Februari, Machi hivi, ikawa inapiga gololi 10, 12 kabla ya kukohoa, nikajiona mjanja. Mwezi wa nne likatoka jua, siku ya kwanza ya mwaka watu wa huku wanavua mashati wanabaki wekundu kama kamba waliopikwa, digrii 19. Nikaenda krono na gesi yangu ileile ya baridi. 358. Refa, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe mpole sana, akanitazama juu ya miwani, "sorry mate", bastola haingii uwanjani. Na yuko sahihi, kwanza kikomo cha uwanja ni kikomo, halafu kuna watu wanaifanya makusudi, anaipima asubuhi magazini ikiwa imepoa ili isome chini, mchana ikipata jua inawatoa watu malengelenge. Marefa wazuri huwa wanapita kupima tena mchana. Mi sikuwa mjanja wa hivyo, nilikuwa mjinga tu, lakini kwenye krono mjinga na mwizi wanasoma namba moja.

Nikaenda kwenye eneo la kujaribia nikasema ngoja nipige chache za hasira. Ya nane au ya tisa nikasikia sauti tofauti, na mbele ya slaidi kukawa na ufa mzuri ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Pauni zangu hizo.

Nikaiweka kabatini. Nikarudi kwenye bunduki ya betri kama mtu aliyerudi kwa mke wa kwanza.

Julai nikampigia mama, Makete. Wasioijua Makete wanadhani Tanzania yote ni joto, nyie njooni Julai pale juu, asubuhi majani yameganda weupe. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko, huku ni balaa. Balaa gani? Kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa jirani, wamepika wali wa watu wengi, kuni zimelowa, wakakodi jiko kubwa la gesi na mtungi mkubwa. Wamewasha alfajiri, moto mkali nusu saa, halafu ukaanza kunywea, ukawa wa bluu ndogo ndogo, halafu mtungi ukaanza kuota barafu kwa nje kuanzia chini. Kina mama wakasema gesi imeisha, tumeibiwa. Wakautikisa, wanasikia kabisa inacheza ndani, chwa chwa, mtungi nusu. Mpaka akaja kijana mmoja anayeuzaga mitungi akasema hamna shida mama, leteni beseni na maji ya uvuguvugu, akausimamisha mtungi ndani ya beseni, moto ukarudi. Mama ananisimulia haya kama muujiza wa Kana, na mimi nimeshika simu nimetoa macho.

Gesi ilikuwepo. Kilichoisha ni joto.

Maana maji ya gesi hayageuki kuwa mvuke bure, lazima yaibe joto mahali, na yanaliiba kwenye chuma kinachoyazunguka. Ndio friji inavyofanya kazi hiyo, hakuna siri nyingine, gesi inachemka ndani ya mabomba inaiba joto la maziwa yako. Bastola ya gesi ni friji inayopiga gololi. Usiku ule nikakaa na kalamu. Gramu moja ya propani ikichemka inakula kama jouli 370. Magazini yangu ni zinki, gramu 300 hivi, kuishusha digrii moja ni kama jouli 120. Kwa hiyo kila gramu ya gesi ninayoipiga, magazini inaporomoka digrii 3. Sasa mimi nimetoka kibandani na magazini ya digrii 15, nje ni 3, upepo unaifyonza, halafu nikimuona adui napiga kumi mfululizo kwa papara. Kila risasi inaipoza ile inayofuata. Na wakati nilipokuwa najaza tena na tena kwa hasira nilikuwa namwaga maji ya baridi kwenye chuma cha baridi, lile wingu jeupe ni gesi iliyotoka bado ni maji, haikupata hata joto la kugeuka mvuke. Nililaani duka, nikalaani sili, nikalipa slaidi.

Na mtungi wa mama una shida ya ziada, gesi ya kupikia kwetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani ikifika nusu digrii chini ya sifuri inaacha kuchemka kabisa, inakaa tu humo ndani imenuna. Asubuhi ya Makete, jiko kubwa, unategemea nini.

Kuanzia hapo nikabadilika. Slaidi mpya, gesi ya kawaida ya bei rahisi, na magazini 3 badala ya moja. Hizo 3 haziishi tena mkandani nje nje kama kwenye picha za makomando. Zinaishi ndani ya jaketi, mfuko wa kifuani upande wa ndani, moja ukipenda kwapani kabisa. Unaanza mchezo na magazini ya digrii 25 na kitu, joto la mwili wako mwenyewe ulilolila kwenye uji asubuhi. Ukipiga 6, 7, unaitoa unairudisha kifuani, unachukua nyingine. Ile ya kwanza inaiba joto lako taratibu, unalisikia kabisa ubavuni kama kitoto cha chura, baada ya dakika kumi iko tayari tena na gesi ileile. Ile magazini niliyokuwa naiita tupu Januari gesi yake ilikuwa haijatumika hata nusu. Na unapiga moja moja. Kaa, lenga, piga, hesabu mbili, piga. Wale wa kumimina wamimine na betri zao.

Kujaza pia kuna akili yake. Kopo liwe na joto kuliko magazini, ndipo gesi inashuka vizuri, kopo juu kichwa chini, wima kabisa. Usijaze mpaka itapike, acha nafasi ya mvuke, na ukishajaza usiikimbize uwanjani, ipe muda ndani ya jaketi. Vile vipasha mikono vya unga wa chuma vinavyouzwa maduka ya kupanda milima, ukivifunga kwa kitambaa pembeni ya magazini ni kama mtu wa pili wa kukusaidia kuzaa joto.

Ila jamani joto la binadamu na la uvuguvugu, sio zaidi. Makopo yenyewe yameandikwa yasizidi digrii 50. Nimeona kijana wa miaka 20 anaishikilia magazini kwenye bomba la moshi la gari ili ipate joto haraka, nimeona mwingine kaipanga juu ya hita ya gesi kwenye kibanda cha kulia chakula, watu wanakunywa chai pembeni. Propani presha yake inapanda kwa kasi kuliko unavyofikiri na ile valvu ni kidude kidogo tu chenye mpira. Na ni gesi inayowaka, ile ile ya jikoni. Yule wa hita tulimpigia kelele watu wanne kwa lugha tatu.

Watu huwa wananiuliza mbona usihamie kaboni, yaani kabonidioksidi, vile vichupa vya gramu 12. Sawa, kaboni kwenye digrii sifuri bado ina bar 34 hivi, baridi haiitishi. Ndio maana bastola za kaboni zinanguruma Januari. Lakini nayo inapoa ukipiga mfululizo, ukishatoboa kichupa umekitoboa, inabidi ukimalize, na inaitesa bastola, viwanja vingine hawaitaki kabisa. Kuna wenye pesa zao wanaotembea na tanki la hewa mgongoni na mpira unaoingia kwenye kitako, hewa ya kawaida tu imeshindiliwa, kuna regulata inatoa presha ileile asubuhi mpaka jioni. Hewa haina haja ya kuchemka, haiibi joto la mtu. Inafanya kazi vizuri mno, na ukiwa nayo unaonekana umekuja kupiga rangi magari.

Baridi ina mambo mengine ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Majani hakuna, kwa hiyo ile kona uliyojificha Agosti Desemba umekaa kama mbuzi kwenye uwanja wa mpira. Miwani inaota ukungu ukipumua kwa nguvu na huruhusiwi kuivua, jicho halina spea, kwa hiyo unajifunza kukimbia kidogo. Mpira wa hopapu, kile kidude kinachoizungusha gololi iende mbali, unakuwa mgumu, gololi zinaanza kwenda zinakotaka mpaka uurekebishe. Na hata wa betri wasicheke sana, betri zao nazo zinazimia mapema kukiwa na baridi, tofauti ni kwamba zenyewe haziwaaibishi mbele za watu.

Lakini ugomvi mkubwa wa baridi ni makoti. Nimeshasema mchezo unasimama kwa uaminifu. Sasa Desemba mtu kavaa fulana, sweta, jaketi la manyoya na fulana ya kijeshi juu yake, na wewe gololi yako ina jouli 0.4 kwa sababu gesi imepoa. Unampiga mgongoni mara tatu, unaiona kwa macho inagonga inadondoka, na yeye anaendelea na safari zake. Unapandwa na hasira, unasema huyu mwizi, anakula risasi. Nimewahi kumfuata mmoja mpaka kambini, mimi na Mkenya mmoja wa Mombasa, yule bwana akawa ananivuta mkono "wacha bwana, wacha, huyu hakusikia." Nikabisha. Akachukua bastola yangu ileile, ilivyokuwa, akanipiga mwenyewe mgongoni juu ya koti kwa umbali wa mita kama 10. Sikusikia kitu. Akanipiga tena, nikasikia kidogo kama mtu kanigusa na kidole. Tukabaki tunacheka wawili pale kwenye matope. Tangu siku hiyo nalenga glavu, kofia, buti, sehemu ambazo gololi ikigonga inalia, na nikiona mtu hakusikia nampigia refa mkono badala ya mdomo.

Desemba iliyopita, mechi ya mwisho kabla ya Krismasi, digrii 2, saa kumi kasoro jua linazama huku, kwa hiyo mchezo wa mwisho unachezwa kwenye ule mwanga wa kijivu ambao kila kisiki ni mtu. Tulikuwa tunalinda vibanda vya mbao, tumebaki wawili, mwenzangu betri yake imeshalala. Nilikuwa na magazini moja ya mwisho, nimeilalia kwapani tangu mapumziko. Kijana akaingia mlangoni na bastola yake nzuri mpya inayong'aa, nikaisikia: pff. Nikaijua ile sauti kama sauti ya ndugu yangu. Yangu ikalia pa, moja tu, kwenye glavu. Akasema hiti, akacheka, halafu akauliza natumia gesi gani mpaka inalia hivyo kwenye baridi hili, ni ile kali ya kopo jeusi au?

Nikamwambia ya kawaida, ya kijani. Hakuamini. Nikachomoa magazini nikampa mkononi, akavua glavu akaishika, akaishika tena na mkono wa pili, ilikuwa na joto kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi. Akaniangalia, akaangalia yake iliyoota ukungu, akafungua zipu ya jaketi akaitumbukiza ndani, na ilipomgusa tumboni alipiga yowe mpaka refa akaja mbio kuuliza nani kaumia.